Kamba, konyeza na jongoo: kisa cha mnyama tuliyemchora ukutani

Mzozo ulianzia kwenye mkebe wa rangi. Wanafunzi wa klabu ya sayansi katika skuli ninayosomesha, kaskazini ya Pemba, walikuwa wameshamchora kwa penseli mnyama wa baharini kwenye ukuta wa maabara, urefu wa mita moja kamili. Kilichobaki ni kupaka. Kijana mmoja alikwishachovya brashi kwenye rangi ya machungwa, kwa kuwa picha tuliyoichapisha kutoka kwenye intaneti ilikuwa na rangi hiyo, na michirizi ya buluu ubavuni. Msichana wa kidato cha tatu akamshika mkono. Hakumwambia kitu. Alinigeukia mimi.

"Maalim, hii rangi aliiona nani?"

Mnyama mwenyewe ni Anomalocaris. Masalia yake yaliyo maarufu zaidi yamo katika miamba ya Kanada yenye umri wa takriban miaka milioni 508, wakati nchi kavu haikuwa na mti hata mmoja. Nilimjibu yule msichana kwamba wataalamu wamekadiria. Jibu hilo sikulipima kabla ya kulitoa, na yeye hakulipokea. Mama yake huchokoa pweza miambani kila bamvua. "Mama akimtoa shimoni ana rangi nyingine," alisema, "akimpiga ana nyingine, akifika naye nyumbani ana nyingine tena. Sasa hawa wakikadiria, wanakadiria ipi?"

Nilisimamisha kazi ya rangi siku ile. Tuliyoyafanya katika wiki tano zilizofuata ndiyo kisa chenyewe, nami nakieleza pamoja na makosa yangu, kwa sababu mwalimu mwingine akitaka kusomesha habari za viumbe waliotoweka atakutana na mkebe uleule.

Kwanza niliwakalisha chini nikawaeleza mnyama huyu alivyopatikana. Mtoto wa Pemba anaweza kuifuata hadithi hii kuliko mtoto wa mji ulio mbali na bahari, maana wahusika wake watatu anawajua kwa macho na mikono: kamba, konyeza na jongoo la pwani.

Mwaka 1892 mtaalamu wa Idara ya Jiolojia ya Kanada, Joseph Whiteaves, alieleza visukuku vilivyotoka mlima Stephen, katika jimbo la British Columbia. Alichokuwa nacho mezani ni kitu kilichopinda, chenye pingili, na miiba imejipanga upande wa ndani wa mpindo. Kichwa hakipo. Aliona kiwiliwili cha kamba, na ile miiba akaifanya miguu. Jina alilompa lina maana ya kamba asiye wa kawaida. Ukimkata kamba kichwa ukamlaza ubavu kwenye sinia, utaelewa kwa nini.

Mwaka 1909 Charles Walcott, mkuu wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani, aligundua karibu na hapo machimbo ambayo leo yanajulikana kwa jina la Burgess Shale. Ni tope la zamani lililogeuka jiwe, na ndani yake wamo viumbe laini ambao kwa kawaida huoza wakaisha. Mwaka 1911 alivitolea majina vingi, na viwili kati yake vinatuhusu. Kimoja ni duara la vibamba lenye tundu katikati, kama kipande cha nanasi kilichotolewa moyo. Walcott aliona konyeza, akamwita Peytoia. Cha pili ni mwili mrefu, bapa, usio na mpaka mzuri wa kichwa wala mkia. Aliona jongoo la pwani, akamwita Laggania.

Wanyama watatu, majina matatu, na kila jina lina mantiki yake. Niliwasisitizia wanafunzi kwamba hakuna hata mmoja kati ya mabwana hawa aliyekuwa mzembe. Kipande kikishakuwa na ukingo safi kuzunguka pande zote, jicho hukikamilisha lenyewe. Kitu kilichovunjika kwa ghafla huonyesha jeraha, lakini kiungo kilichooza mahali pa maungio yake hutoka kimezunguka vizuri, kana kwamba kilizaliwa hivyo. Nafikiri hapa ndipo penye ugumu wa kazi nzima, kuliko hata uchache wa visukuku.

Mwaka 1978 Simon Conway Morris alitazama kielelezo ambamo lile duara la nanasi limekaa juu ya ule mwili bapa. Alisema ni bahati ya tope: mwili ni wa sifongo, na konyeza ameangukia juu yake wakazikwa pamoja. Nilipolitaja hili, kijana mmoja kutoka Kojani alitetea hoja hiyo kwa nguvu. Konyeza, alisema, hukwama popote. Maji yakipwa unamkuta juu ya mwani, juu ya jarife, juu ya jongoo aliye hai. Kama ungewafunika kwa tope papo hapo, ungesema ni mmoja. Ilikuwa hoja nzuri, na nilimwambia hivyo.

Mwaka mmoja baadaye Derek Briggs aliutazama upya ule mwili wa kamba. Vielelezo vilikuwa vingi, na hata kimoja hakikuwa na kichwa wala utumbo. Basi, alisema, huyu si kamba. Hiki ni kiungo cha mnyama mkubwa zaidi. Kisha Harry Whittington alipokuwa akichonga taratibu tabaka la jiwe lililofunika kimojawapo cha vielelezo, chini yake vilitokeza vile viungo vya kamba, na vimeshikana na mwili. Mwaka 1985 Whittington na Briggs walimchapisha mnyama mzima. Kamba ni mikono miwili ya mbele ya kukamatia. Konyeza ni mdomo. Jongoo ni kiwiliwili. Kuanzia 1892 ni miaka 93.

Darasa lilipiga makofi. Msichana wangu hakupiga. Alitaka kujua kwa nini vilitengana, kama vilikuwa mwili mmoja.

Swali hilo nililiona linahitaji ndoo. Tulitafuta ndoo nne, tukazijaza maji ya bahari, tukazifunga kwa kitambaa cha chandarua ili nzi wasiingie, tukaziweka nyuma ya choo cha walimu ambako upepo huenda upande wa shamba. Ndani tuliweka pweza mdogo niliyemnunua dikoni Tumbe, kamba, jongoo, na konyeza aliyeletwa na kijana wa Kojani ndani ya galoni. Kidato cha pili hatukuwaonyesha. Wao tuliwawekea akiba.

Konyeza alituaga mapema. Siku ya tatu ndoo yake ilikuwa maji yenye utando, na siku ya tano ungeweza kuapa kwamba hapakuwahi kuwekwa kitu.

Pweza ndiye aliyetushughulisha, na tulimwandikia daftari asubuhi na jioni. Rangi ndiyo iliyotangulia kuondoka. Saa chache tu baada ya kuwekwa alikuwa mweupe wa kijivu, kama nguo iliyofuliwa mara nyingi. Siku ya pili ngozi ya juu ilianza kuachia ute, na ukiutikisa maji yalichafuka zambarau. Siku ya tatu, na hili sikulitarajia, vile vikombe vya mikononi vilianza kuvua utando wao wa ndani. Viduara vyembamba, vyepesi kuliko ganda la kitunguu, vilielea juu ya maji kwa makumi. Tulivikusanya kwa kijiko tukaviweka kwenye kisahani. Mtu asiyejua angesema ni viumbe vidogo vya mviringo vilivyokuwa vikiishi humo ndani. Siku ya tano mikono ilitoka mmoja mmoja. Siku ya tisa tulichuja kwa chujio la tui, na chujio lilibakiwa na vitu vitatu: mdomo mweusi wa vipande viwili, na punje mbili ngumu za mviringo, zinazopitisha mwanga, zikiwa na ukubwa wa mbegu ya papai. Punje hizo ni lenzi za macho.

Wengi wa darasa lile wamekula pweza tangu meno yao ya utotoni, na hawakuwahi kuzishika lenzi zake.

Kamba aliliwa kwa ndani akabaki ganda lililoachana: la kichwa peke yake, pingili peke yake, mkia peke yake. Jongoo alitapika matumbo siku ya kwanza kama ilivyo desturi yake akisumbuliwa, kisha ngozi ikawa uji. Lakini mashapo yake yalipopakwa kwenye kioo na kuwekwa chini ya hadubini ya skuli, yalionyesha vijipande vya chokaa vingi mno, vyenye vitundu na maumbo kama vifungo vya shati. Ngozi nzima ya jongoo imejaa hivyo. Jongoo aliyeoza hugeuka mchanga mzuri ambao hakuna anayeutazama.

Kisha tukawaita kidato cha pili. Tuliwapa sahani nne na karatasi, tukawaambia wachore mnyama wa kila sahani. Kamba walimpata, kwa sababu wamelizoea ganda. Sahani ya konyeza iliyokuwa tupu waliiruka, wakidhani tumesahau. Kundi moja lilizitazama zile takataka za jongoo likaandika "mchanga". Na kwenye sahani ya pweza, makundi mawili kati ya matatu yalichora ndege. Mdomo ni wa kasuku, walisema, au wa ndege mdogo anayekula mbegu, na zile punje mbili ni shanga alizozimeza. Kundi la tatu liliandika "kaa?" na alama ya kuuliza.

Nilizitazama karatasi zile kwa muda mrefu. Mdomo wa pweza kwa hakika unafanana na wa kasuku, na watoto hawa waliutazama vizuri: ulivyopinda, ncha ilivyo kali, jinsi kipande kimoja kinavyoingia ndani ya chenzake. Walikosea mahali palepale alipokosea Whiteaves. Waliuliza kipande hiki ni cha mnyama gani, kabla ya kuuliza ni vitu gani vimekwisha kuondoka na vimeondoka kwa utaratibu gani.

Utaratibu huo umechunguzwa. Mwaka 2010 Robert Sansom, Sarah Gabbott na Mark Purnell wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walichapisha matokeo ya kuozesha kwa makusudi wanyama wa jamii za karibu na samaki, wakiandika kila sehemu inavyopotea. Waligundua kwamba sehemu zinazomtambulisha mnyama kwa ukoo wake wa karibu ndizo zilizooza mapema, na zile za jumla, za ukoo mpana na wa kale, zikabaki. Kwa hiyo mzoga kadiri unavyooza ndivyo unavyoonekana wa kale zaidi kuliko alivyokuwa mnyama mwenyewe. Mtu akiusoma kama ulivyo, atamweka kwenye tawi la chini la ukoo ambako hakuwahi kuwa. Nilipowasomea hili, yule kijana wa Kojani alisema daftari letu la pweza linasema vivyo hivyo: vikombe vya mikononi, ambavyo ndivyo vinavyomfanya mtu aseme "huyu pweza" bila kuuliza, vilianza kubanduka siku ya tatu.

Jumamosi moja tulikwenda Chwaka, kwenye magofu, kwa kuwa si mbali na kwetu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, kama nyumba nyingi za zamani za visiwa hivi. Niliwapa kazi ya kutafuta wanyama ndani ya ukuta. Walipata matumbawe ya namna nyingi, maganda ya kombe, na konokono aliyekatwa kati na mjenzi hadi ngazi zake za ndani zikaonekana. Kisha nikawauliza pweza yuko wapi. Bahari iliyojenga miamba ile ilikuwa na joto na matumbawe tele, mahali pa pweza hasa. Ukutani hayumo hata mmoja.

Kukosekana kwake kunaeleza habari za ukuta, hakuelezi habari za bahari. Mchanga wa matumbawe una hewa, una mawimbi, una wadudu wa kusafisha kila mzoga. Mahali ambapo tope laini lilizika haraka na hewa ikakosekana, pweza wamo. Lebanoni wapo, katika miamba ya takriban miaka milioni 95, na mikono yao minane inahesabika. Burgess Shale ilikuwa mahali pa namna hiyo.

Hadi hapo nilidhani tumemaliza: mchoro ubaki bila rangi, tuandike maelezo, basi. Nilipokaa usiku kuandaa maelezo ya mdomo ndipo nilipoona kwamba mchoro wenyewe ulikuwa na kosa ambalo nililipitisha mimi.

Tulimchorea Anomalocaris lile duara la nanasi, lenye vibamba vinne vikubwa vinavyokabiliana. Whittington na Briggs mwaka 1985 walieleza spishi mbili chini ya jina moja. Baadaye, vielelezo bora vilipopatikana, zikatenganishwa: ile ya pili, yenye mdomo wa nanasi, ni jamaa tu, na leo imerudishiwa jina la Peytoia alilolitoa Walcott kwa konyeza wake. Mwaka 2012 Allison Daley na Jan Bergström walionyesha kwamba mdomo wa Anomalocaris wa Kanada ni mwingine. Una vibamba vikubwa vitatu, si vinne, na umejaa mikunjo na vinundu. Picha yetu ilikuwa imeazima mdomo wa jirani. Na urefu pia: mita niliyowapa ilikuwa ya vitabu vya zamani, na makadirio ya karibuni hayamfikishi huyu wa Kanada nusu mita.

Siku ya pili yake niliwaambia darasa ukweli huo kabla ya kusema jambo jingine. Mama yake yule msichana alikuwa amekuja skuli kwa shughuli yake, nikamwomba aingie maabara. Nilikuwa na midomo miwili kwenye kisahani, wa pweza wetu na mwingine wa ngisi nilioupata kwenye matumbo dikoni. Nilimuuliza kama anaweza kuitofautisha.

Aliishika akaigeuza kwa kidole gumba. "Huu wa ngisi, Maalim. Mwembamba, na huku nyuma umepanuka. Wa pweza mfupi, una kichwa kama nyundo. Hawa si watu wa nyumba moja."

"Na ukikuta mmoja tu, Bi, bila mwenzake wa kulinganisha?"

Alifikiri. "Nikiwa sijamwona ngisi maishani mwangu, nitasema wa pweza. Kwani nitasema nini?"

Sikupata njia bora zaidi ya kuwaeleza yaliyowapata watu wa 1985. Walipokuwa na mdomo mmoja uliohifadhika vizuri, na miili miwili inayofanana, uliingia kwenye yote miwili.

Tulipiga rangi nyeupe ukutani tukaanza upya, sentimita arubaini. Tulikubaliana juu ya mistari ya aina tatu. Kilichoonekana katika visukuku vya spishi yenyewe, mstari mzito: mikono ya mbele, mapezi ya ubavuni, mkia wenye mabawa, macho juu ya vikonyo, na mdomo wa vibamba vitatu. Kilichoazimwa kwa jamaa zake, mstari wa vitone, na jina la jamaa huyo kando yake kwa herufi ndogo. Kisicho na ushahidi kabisa, ukuta mtupu. Ngozi yote ni ukuta mtupu.

Mwalimu mwenzangu wa sanaa hakukubaliana nasi, na hoja yake ina uzito. Alisema mtoto wa kidato cha kwanza hatasimama mbele ya mnyama asiye na rangi, na asiposimama hatasoma hata hiyo mistari yenu. Nililiona jambo hilo kwa macho yangu: wiki ya kwanza walikuwa wakipita tu. Mchoro wa kubuni una kazi yake, na mtu anayefanya kazi ya kumfufua mnyama aliyeoza lazima abuni, la sivyo hatajua atafute nini katika kielelezo kijacho. Ninachokataa ni kubuni kusikoonekana kwamba ni kubuni. Kwa hiyo tulipachika chini ya mchoro vibao vidogo vya mbao. Kila mwanafunzi anampaka Anomalocaris wake rangi aitakayo, kwa sharti moja: nyuma ya kibao aandike sababu inayotoka kwa mnyama aliye hai.

Kijana wa Kojani alimpaka mgongo wa samawati iliyoiva na tumbo la fedha. Sababu yake: jodari yuko hivyo, na anayewinda akiogelea kwenye maji yenye mwanga hufaa asionekane wala kutoka juu wala kutoka chini. Msichana wa pweza aliomba vibao vitatu. Alimpaka mnyama mmoja mara tatu, akiwa amejificha, akiwa anakamata, na akiwa amekufa. Kile cha tatu ni kijivu, nacho ndicho pekee ninachoweza kusema kina daftari nyuma yake, ingawa daftari ni la pweza.

Mdomo na zile lenzi mbili tumeziweka kwenye chupa ya dawa iliyooshwa, kwenye rafu kando ya ukuta. Kidato cha pili walitaka kuibandua karatasi yao ya mwanzo, iliyoandikwa "mdomo wa ndege mdogo, na shanga mbili". Niliwaomba waiache. Chini yake wamebandika ya pili, yenye neno "pweza" na tarehe ya siku tuliyowaonyesha daftari. Nafasi ya karatasi ya tatu bado ipo.